Cheo cha Mfalme

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mfalme. Kasoro yake ni moja tu: hana ufalme! Hana jumba, hana askari, hana hata kuku wa kumwamrisha. Alicho nacho ni kibanda cha kuchonga mihuri pembeni ya mahakama, chembamba kiasi kwamba akishaingia yeye, mteja anabaki nje. Mvua ikinyesha, mteja analowa na mfalme anamtazama.

Lakini mkute humo ndani sasa! Anachonga muhuri wa katibu wa chama cha wauza viatu, kakunja uso, kabana midomo, utasema nchi mbili zinasubiri aweke saini ndiyo ziache vita. Mteja akithubutu kuuliza mbona muhuri umechelewa, anakoma.

"Unajua unaongea na nani wewe? Mimi ni mtu wa cheo cha mfalme!"

Mtaani wakambandika jina: Bwana Cheo. Walimwita hivyo kwa kumcheka. Yeye akaitika kwa furaha zote.

Habari hii ya cheo aliitoa kwa babu yao, marehemu. Mzee wa watu alifariki hana jino hata la kusingiziwa, na maneno yalikuwa yanamtoka mdomoni yamelegea kama uji. Siku alipozidiwa, alimwita mjukuu wake kitandani. Mjukuu, kwa masikio yake mwenyewe, akasikia hivi:

"Mjukuu wangu, sisi tulikuwa watu wa cheo cha mfalme. Tukipita, watu wote wanapisha njia! Wanageuza nyuso! Hakuna aliyethubutu kutusogelea. Na asubuhi, wa kwanza kuingia chumbani kwa mfalme ni sisi. Hatubishi hodi!"

Akampa fimbo yake. Juu ya mpini palichongwa chungu kilichofunikwa. "Hii ndiyo alama yetu," akasema mzee, akafumba macho.

Mtu mwingine angelia. Bwana Cheo alikimbia kibandani kuchonga muhuri.

Tangu hapo, kila kitu cha ukoo ule kina chungu. Madaftari ya watoto, chungu. Mapazia, chungu. Kopo la sukari, chungu. Mimi nilipooa kwao nilikabidhiwa mke na mashuka, na mashuka yenyewe yamepigwa muhuri kwenye pembe zote. Unalala unaangaliwa na vyungu.

Na mke wangu naye, msimwone kimya, majivuno yale kayameza mazima. Nikimwambia, "Mama watoto, chai imepoa," ananitazama kuanzia miguuni kwenda juu. "Kwetu sisi," ananijibu, "watu walikuwa wanapishwa njia. Leo nije niulizwe habari za chai?" Basi nakunywa ya baridi, naishukuru ndoa.

Sasa, Bwana Cheo ana binti. Huyu binti sijui alimtoa wapi, maana hafanani naye hata kwa kucha. Ni muuguzi, ana akili, ana adabu, na akicheka nyumba nzima inacheka. Akapata mchumba. Kijana mpole, mchapakazi, macho yake yote kwa binti. Tatizo likawa baba wa kijana.

Baba wa kijana anaitwa Mzee Bomba. Ana gari la kunyonya vyoo. Lile gari la tangi, lenye mpira mnene umejikunja mgongoni, ambalo likiingia mtaani watu wanafunga madirisha na kugeukia ukutani. Yeye na mwanawe ndio wanaliendesha, na wateja hawajawahi kukosekana, kwa sababu unazozijua.

Wakaja kuposa. Wamevaa vizuri, wamenyoa, wananukia sabuni. Bwana Cheo kakaa kwenye kochi lenye chungu, mguu juu ya mguu.

"Na wewe mzee unajishughulisha na nini?"

"Mimi navuta vyoo, mkwe."

"Unavuta nini?"

"Vyoo. Vikijaa."

Bwana Cheo akatoa leso, akajifuta mdomo ambao haukuwa na kitu. "Kwanza usiniite mkwe. Hatujafika huko. Pili, mimi ni muungwana, siwezi kumkataa mtu ndani ya nyumba yangu. Jumamosi nawapeleka kwenye magofu ya mji mkuu wa wafalme. Mkaone kwa macho yenu huyu binti ametokea wapi. Mkishaona, jibu mtajipa wenyewe!"

Wageni walipoondoka, binti akapiga magoti. "Baba, mimi nampenda."

"Mapenzi hayana cheo!"

"Ndiyo maana nayapenda, baba."

Mzee akaitisha maji ya kunywa. Binti akanifuata jikoni, macho mekundu. "Anko," akaniambia, "baba akiwafukuza watu hawa huko kwenye mawe yake, hawatarudi tena. Watu wazima hawaaibishwi mara mbili. Na mimi sitaolewa na mwingine, naapa." Nilimtazama, nikajua hatanii. Nikamchukia shemeji yangu kuliko siku zote, na siku zote zilikuwa nyingi.

Jumamosi ikafika. Bwana Cheo kakodi basi dogo kwa ajili ya ukoo, na kila mtu kamchapia fulana nyeupe yenye chungu kifuani, kikubwa kama sinia. Mashangazi, mabinamu, wote chungu! Wageni hawakupewa. "Hizi ni za damu," akatangaza. Mimi wa kuoa nilipewa fulana yenye chungu kidogo, hapa pembeni, mahali pa kuweka kalamu.

Mzee Bomba alikuja na mkewe na mwanawe. Walikuja na gari lao, lile lile, maana walikuwa wametoka kwa mteja na jioni walikuwa na mwingine. Bwana Cheo kuliona tangi linakata kona langoni, akaruka!

"Wee! Wee! Usiliegeshe hapa! Kule! Nyuma ya miti! Mbali zaidi! Zaidi!"

"Nimeliosha, mzee. Halinuki."

"Hata jina lake linanuka! Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kupanda kitu kama hicho, tangu dunia iumbwe!"

Mzee Bomba hakubisha. Akalipeleka gari nyuma ya miti, mbali kabisa, akarudi kwa miguu na mkewe, viatu vyao vizuri vimeshika vumbi. Binti akaangalia chini.

Kuhusu magofu yenyewe, niseme ukweli: ni mawe. Mawe ya kujikwaa, mawe ya kukalia, ukuta unaokufika magotini na watu wanakuambia eti hapa palikuwa na ghorofa. Lakini Bwana Cheo aliingia langoni kifua mbele, fimbo ya babu mkononi, akigusa kila jiwe kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwembamba mwenye kipaza sauti kilichoning'inia begani kwa mkanda. Maneno yote alikuwa kayakariri, na hapo ndipo penye shida. Ukimkatiza, anapotea. Akipotea, dawa yake ni moja, anaanza upya.

"Karibuni katika mji mkuu wa kale. Huu ni ukuta wa nje, ambao ulijengwa na..."

"Na wazee wangu!" Bwana Cheo akadakia.

Kijana akapepesa macho. "Karibuni katika mji mkuu wa kale," akasema. "Huu ni ukuta wa nje..."

"Ambao wazee wangu walipita bila kuulizwa!"

"Karibuni katika mji mkuu wa kale..."

Tulikaribishwa katika mji ule mpaka ukarimu ukawa adhabu. Kulikuwa na wageni wengine waliounganishwa na sisi, na mmoja wao, bwana mwenye kofia pana, uvumilivu ukamwishia. "Mzee, tuonee huruma, tunaiva! Mwache kijana atufikishe japo kivulini!"

"Usijali, ndugu," Bwana Cheo akamjibu. "Ukiwa na mimi, mwongozaji wa nini?" Akatangulia mbele peke yake, fimbo inapiga mawe, ukoo unamfuata na vyungu vyake, mwongozaji kaachwa kwenye ukuta wa nje anatafuta sentensi yake.

Tukapita uwanja, tukapita jiko, tukashuka ngazi, na hapo Bwana Cheo akapiga ukelele ambao ulitoa ndege kwenye nyufa.

Kilikuwa chumba kidogo, kimejitenga, kina kuta ndefu kuliko vyote. Ndani kuna jukwaa la jiwe, limelainishwa vizuri, lina ngazi za kupandia na tundu la mviringo katikati. Ukutani, juu ya jukwaa, pamechongwa chungu kilichofunikwa. Chungu chetu! Chungu cha mashuka! Nikiri kwamba hata mimi nilisisimka kidogo.

Na pembeni palikuwa na ubao wenye herufi za bati zilizopigiliwa misumari. Moja ilikuwa imedondoka. Palisomeka CH, halafu pengo, halafu O CHA MFALME.

Bwana Cheo akasoma. Akashika ukuta. Machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. "Cheo cha Mfalme," akanong'ona. "Babu! Ulisema! Babu yangu mimi!"

"Shemeji," nikamwambia, "hapo kuna herufi haipo."

"Mimi ni fundi wa herufi! Herufi ndiyo kula yangu! Hapo palikaa E, naona mpaka makovu ya misumari yake." Akachomoa kalamu nene ya wino kutoka mfukoni, akajaza pengo. Akaandika E nzuri, yenye mikia, E ya fundi. Kisha akapanda jukwaani, akakaa juu ya tundu, akaweka fimbo magotini.

"Na hilo tundu ni la nini?" nikauliza.

"La hewa! Mfalme anakaa hapa muda mrefu, unataka apate joto? Piga picha!"

Wakapiga picha. Wakakaa kwa zamu, ukoo mzima. Mke wangu naye akapanda, akaketi, akanyoosha shingo, akaniambia nipige nyingine ya upande.

Bwana Cheo alipopata tena zamu yake, hakushuka. Akawaita Mzee Bomba na mkewe wasimame mbele yake, chini, kwenye jua. Kijana akasimama nyuma ya wazazi wake. Binti alikuwa kashika mkono wangu, kaubana mpaka vidole vikafa ganzi.

"Wazee wangu," Bwana Cheo akaanza, sauti kaivuta chini tumboni, "mliomba binti wa nyumba hii. Nyumba yenyewe hii hapa. Kiti mmekiona. Alama mmeiona. Sasa semeni kwa vinywa vyenu: mtoto atoke hapa nilipokaa mimi, akaingie kwenye mambo ya vyoo?"

Mzee Bomba akatazama viatu vyake vyenye vumbi. Mkewe akavuta mtandio. Aibu iliwashika watu wale waliokuwa hawajakosa kitu, mpaka mimi mwenyewe nikatamani kulia.

"Kama ni hivyo, mzee, basi," akasema Mzee Bomba polepole. "Sisi hatulazimishi. Tulidhani watoto wakipendana inatosha."

"Haitoshi!"

Binti akaniachia mkono. Nikaona machozi yanamshuka, na hakuyafuta.

Ndipo mwongozaji akafika na wageni wengine, kachoka, kakasirika. Akautazama ubao. Akaukaribia. Akaugusa kwa kidole, kidole kikatoka cheusi.

"Nani kaandika E hapa?"

"Mimi!" akajibu Bwana Cheo. "Nimewasaidia bure kabisa."

"Hapa ni O."

"E! Cheo cha Mfalme!"

"O, mzee. Choo." Kipaza sauti kilikuwa kimewaka, na kuta zile ndefu zikalipokea neno na kulirudisha, chooo, chooo, mpaka likatokea upande wa pili. "Choo cha Mfalme. Na tafadhali ushuke, hairuhusiwi kukalia. Watu wanajisahau."

Bwana Cheo hakushuka. Na mwongozaji, akiwa sasa yuko mbele ya kitu anachokijua vizuri kuliko vyote, akavuta pumzi na kuanza.

"Hiki ni choo cha mfalme. Chini ya tundu hili kiliwekwa chungu. Kazi ya kukitoa chungu hicho ilikuwa ya ukoo mmoja tu, ulioitwa watu wa choo cha mfalme. Kila asubuhi wao ndio walikuwa wa kwanza kuingia chumbani kwa mfalme, bila kubisha hodi, kwa kuwa kazi yenyewe haikuweza kusubiri..."

"Nyamaza!" akapiga kelele Bwana Cheo.

Kosa! Kosa kubwa! Kijana akapepesa macho. Akapotea. Akaongeza sauti ya kipaza.

"HIKI NI CHOO CHA MFALME!"

Watu waliokuwa upande wa jikoni wakaja kuona kuna nini. Wakajaa mlangoni. Akayasema yote tena tangu mwanzo, neno kwa neno, na safari hii hakuna aliyethubutu kukohoa.

"Watu wa choo wakipita na chungu, wananchi wote walipisha njia na kugeuza nyuso, kwa sababu ya harufu. Hakuna aliyethubutu kuwasogelea. Alama yao ilikuwa chungu kilichofunikwa, kama mnavyokiona hapo ukutani."

Umati ukatazama ukutani. Kisha umati ukageuka, polepole, ukatutazama sisi vifuani.

Na mwongozaji, kwa mara ya kwanza siku ile, akasema kitu ambacho hakukikariri: "Na kama mnavyokiona kwenye fulana za wageni wetu."

Jamani! Mtu wa kofia pana alikaa chini kabisa, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Shangazi mmoja aliivua fulana akaigeuza nje ndani, hadharani, hajali. Mke wangu alikunja mikono kifuani akaanza kuangalia mawingu, na niwaambie tu kwamba tangu siku ile chai nyumbani kwangu haijapoa. Mimi nilikifunika chungu changu kidogo kwa kiganja kimoja, nikamshukuru Mungu kwa kunifanya mtu wa kuoa.

Mzee Bomba peke yake hakucheka. Alikuwa amenyoosha mkono juu, kama mtu aliye kwenye mkutano wa watu wa fani yake.

"Samahani, kijana. Walikuwa wanabebea nini?"

"Kichwa, mzee."

"Kichwa! Hawakuwa na mkokoteni?"

"Hawakuwa nao. Walibeba kichwani, kutoka hapa mpaka bondeni."

"Ukoo mzima?"

"Ukoo mzima."

Mzee Bomba akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akamgeukia mkewe, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu. "Mama, hili tulifikirie vizuri. Sisi tuna gari."

"Na mpira," akasema mkewe.

"Na mpira. Wenzetu ni wa kichwani."

Akamgeukia Bwana Cheo, ambaye bado alikuwa juu ya tundu, na kumpa mkono kwa heshima zote. "Mzee, tunashukuru sana kwa kututembeza. Tumejifunza. Ile posa yetu tuiache kwanza, tukajadiliane nyumbani. Si kwa ubaya. Lakini na wewe ni mzazi, unajua, mtoto lazima uangalie anakwenda kuoa wapi."

Wakaondoka, na mwana wao anageuka nyuma kila hatua.

Hapo ndipo nilipomwona Bwana Cheo akibadilika rangi. Choo angekizoea. Fulana angezichoma. Lakini kukataliwa! Akataliwe na mvuta vyoo, mbele ya ukoo, mbele ya kipaza sauti! Alishuka jukwaani bila kutumia ngazi.

"Mzee mwenzangu! Hebu ngoja! Binti amesoma! Ni muuguzi! Anapika!"

"Mfuate, baba!" akalia binti. "Mfuate basi!"

Akamfuata! Mfalme alikimbia, fimbo mkononi, chungu kinaruka kifuani, akapita jiko, akapita uwanja, akauruka ule ukuta wa nje wa wazee wake. Sisi nyuma, mwongozaji nyuma yetu, umati nyuma ya mwongozaji. Na gari lilikuwa mbali, jamani, mbali kabisa nyuma ya miti, kama alivyoagiza mwenyewe.

Alifika anahema kama mbuzi, injini imeshawaka. Akagonga mlango kwa kiganja. "Mzee! Tuongee!"

Mzee Bomba akatoa kichwa dirishani. "Ningekaa, lakini mteja ananipigia simu, choo kinafurika. Kama ni lazima tuongee leo, tuongee njiani."

Kijana akafungua mlango upande wa pili, akaruka chini ili kumwachia nafasi, akaja kusimama karibu na binti. Hawakushikana mikono. Walimtazama tu Bwana Cheo, wote wawili.

Bwana Cheo akautazama mlango. Akalitazama tangi, na ule mpira uliojikunja. Akatutazama sisi, fulana kwa fulana, kisha akamtazama binti yake, na binti hakupepesa macho. "Mimi," akasema, "niingie humo?"

Mzee Bomba akamnyooshea mkono, na uso wake haukuonyesha mzaha hata chembe.

"Panda, mkwe," akamwambia. "Wazee wako wote walitembea. Leo ukoo wenu umepanda cheo."